Kisome Kiwanja Kabla ya Kukifyeka: Maandalizi ya Eneo la Ujenzi

Wengi wanaoanza kujenga pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kigamboni, Chanika au Madale, au nje kidogo ya mkoa huko Kibaha na Mkuranga, huanza kwa kumwita kijana mwenye panga au dereva wa greda ili asafishe kiwanja. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: kiwanja kikaguliwe kikiwa bado na majani yake, vichaka vyake na vichuguu vyake, kisha ndipo kifyekwe. Sehemu kubwa ya ushahidi ambao mpima, mhandisi na fundi watauhitaji umelala juu ya ardhi yenyewe, na greda huufuta kwa muda mfupi sana. Bikoni, yaani alama za mpimaji zilizowekwa kwenye kona za kiwanja, hung'oka, njia ya maji husawazishwa, shimo la choo cha zamani hufunikwa kwa udongo laini, na kaburi lisilojengewa hupotea kabisa.

Ili maelezo yawe na vipimo, tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30 na nyumba ya chini yenye ukubwa wa mita 12 kwa 9.

Karatasi na bikoni

Hati au barua ya toleo inataja namba ya kiwanja na kitalu, lakini haikuonyeshi kiwanja kilipo. Ipeleke kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri na uombe ithibitishwe katika kumbukumbu zao ni nani anayetambuliwa kuwa mmiliki, eneo limepangiwa matumizi gani, na ramani ya upimaji inaonyesha bikoni zipi. Eneo lililopangwa kubaki wazi halijengwi, hata kama liliuzwa mbele ya mashahidi kumi.

Baada ya hapo mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni moja baada ya nyingine. Jirani anaweza kukuonyesha mpaka kwa nia njema kabisa na bado akawa amekosea kwa mita mbili, kwa sababu naye alionyeshwa na aliyemtangulia. Bikoni nyingi huwa zimefunikwa na mchanga au majani, na baadhi huwa zimesogezwa, jambo ambalo kwa macho matupu halitambuliki. Kila bikoni inayopatikana ipakwe rangi, ipigwe picha pamoja na kitu cha kudumu kilicho karibu, na izungushiwe nguzo fupi ili lori lisiikanyage. Ni vizuri majirani na mjumbe wa serikali ya mtaa wawepo siku hiyo, maana ubishi wa mpaka ukizuka baada ya ukuta kusimama gharama yake huwa kubwa mno. Kama eneo halijapimwa na mipaka yake ni minyaa, mikonge au mwembe wa babu, makubaliano na majirani yaandikwe na kusainiwa serikali ya mtaa kabla ya mti wowote wa mpaka kukatwa.

Katika hatua hiyohiyo angalia hifadhi zinazopita karibu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya barabara, mito, umeme na mabomba, ambayo hayajengwi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na zipo sehemu ambako upana uliotengwa ni mkubwa zaidi. Nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa mwaka 2017. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Njia za umeme mkubwa zina upana wake kulingana na nguvu ya umeme, hivyo swali hilo lipelekwe TANESCO kwa barua, na la mabomba ya maji lipelekwe kwa mamlaka ya maji ya eneo husika.

Kibali cha ujenzi huombwa halmashauri kwa michoro ya msanifu na, inapotakiwa, michoro ya mhandisi. Muda wa kusubiri kibali usipotee bure, kwa kuwa ndio muda mzuri wa kufanya kazi zinazofuata za kusoma maji na udongo, ambazo matokeo yake yanaweza kumlazimu mhandisi kubadilisha msingi aliokwisha kuuchora.

Kutembea kiwanjani

Nenda kiwanjani mvua ikinyesha, au asubuhi iliyofuata. Katika ukanda wa Pwani masika huwa kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Anayenunua Agosti na kuanza kujenga Septemba hajakiona kiwanja chake bado. Angalia maji yanaingilia upande gani, yanasimama wapi na yanatokea wapi. Kama mvua haipo, zitafute alama zake: takataka zilizonasa kwenye mashina kwa kimo kimoja, mchanga mpya uliotandazwa na mkondo, matete na ndago zinazopenda unyevu, au mstari wa unyevu kwenye kuta za nyumba jirani. Waulize wakazi wa siku nyingi maji yalifika wapi katika mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadaye yalisababisha familia za Bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande. Jibu la bibi anayeuza maandazi kwenye kona mara nyingi lina thamani kuliko la dalali.

Hesabu nayo isaidie. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja chetu cha mita za mraba 600 ni lita 30,000, bila kuhesabu yale yanayoshuka kutoka viwanja vya juu. Maji hayo yatapita mahali fulani, na ukijenga juu ya njia yake bila kuyapa njia nyingine yatapita palepale yalipozoea.

Ukiwa unatembea, chora kwenye karatasi kila kichuguu, mti mkubwa, bonde dogo, rundo la taka na sehemu ambayo udongo unadidimia ukiukanyaga. Mduara wa majani yaliyostawi kuliko mengine, au mgomba mnene uliosimama peke yake, mara nyingi huonyesha shimo la choo au la taka lililofukiwa. Mawe yaliyopangwa kwa mstari, au mti ulioachwa huku pote pakiwa pamelimwa kuuzunguka, unaweza kuwa alama ya kaburi. Uliza. Likithibitika kaburi, kazi isimame upande huo mpaka familia na serikali ya mtaa washirikishwe, kwa sababu kuhamisha mabaki kunahitaji idhini ya mamlaka na usimamizi wa afisa afya.

Udongo

Hapa ndipo pa kutumia muda bila haraka. Chimba angalau mashimo matatu ya majaribio ndani ya eneo ambalo nyumba itakaa: mawili kwenye kona zinazotazamana kimshazari na la tatu mahali unapopatilia shaka. Kila shimo liwe na upana wa mita 1 kwa 1 na kina cha mita 1.5 hadi 2, na udongo unaotoka upangwe kando kwa mafungu, fungu moja kwa kila sentimita 30, ili mabadiliko ya rangi na chembechembe yaonekane kwa mfuatano wake. Katika mchanga kama wa Kigamboni kuta za shimo huporomoka bila dalili, hivyo mtu asiingie kwenye shimo linalompita kiuno kabla kuta hazijashikiliwa kwa mbao, na mashimo yote yafunikwe jioni kwa ajili ya watoto na mifugo.

Tabaka la juu, lenye mizizi na rangi iliyokolea, halibebi nyumba popote. Linalofuata ndilo la kuchunguza. Changarawe na moramu ngumu ni mahali pazuri pa kuweka msingi. Tifutifu nyekundu iliyoshikana nayo hubeba nyumba ya chini vizuri. Mchanga mkavu ulioshikana unafaa pia, ila mitaro yake hubomoka na maji ya chini huwa karibu sehemu za pwani. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa masika, ni suala la mhandisi moja kwa moja, kwa sababu huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi wa kawaida huinuliwa na kushushwa nao mpaka kuta zinapasuka. Mhandisi anaweza kuamua uchimbwe na kubadilishwa, au msingi uende chini zaidi, au nyumba nzima ikae juu ya jamvi (bamba la zege la sakafu) zito lenye nondo. Uamuzi huo si wa fundi wala wa mwenye nyumba. Kuna na hali ya tano ambayo watu huisahau: ukikuta vipande vya mifuko ya plastiki, matofali na vyupa kwenye kina cha mita moja, hiyo si ardhi ya asili, ni kifusi cha mtu mwingine, na shimo liendelee mpaka kifusi kiishe.

Yapo majaribio mawili yasiyohitaji maabara. La kwanza, lowesha konzi ya udongo, uuviringishe kuwa uzi mnene kama penseli, kisha uukunje uwe pete: ukikunjika bila kupasuka una mfinyanzi mwingi, na ukikatika mapema una mchanga mwingi. La pili, jaza theluthi ya chupa yenye mdomo mpana kwa udongo uliopondwa, ongeza maji hadi karibu na juu pamoja na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu na uiache itulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika chache, chembe laini zaidi hufuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka ndani ya chupa unakupa picha ya mchanganyiko ulio nao. Majaribio haya hukusaidia kuzungumza na mhandisi ukiwa na jambo mkononi. Hayachukui nafasi ya maabara pale nyumba inapokuwa ya ghorofa, kiwanja kinapokuwa na mteremko mkali, au mfinyanzi unapojitokeza.

Acha shimo moja wazi usiku kucha uone kama maji yanajikusanya, ukikumbuka kwamba maji ya chini unayoyakuta Septemba yatakuwa juu zaidi ifikapo Aprili. Mahali unapokusudia kuweka shimo la maji taka, chimba kishimo cha sentimita 30, kilowanishe tangu jana yake, kijaze maji na upime yameshuka kiasi gani ndani ya nusu saa. Yasiposhuka, au yakishuka kidogo sana, mfumo wa maji taka ubuniwe upya mapema, kabla haujawa kero ya mtaa. Kati ya shimo hilo na kisima chochote, chako au cha jirani, paachwe mita 30 au zaidi, na katika kiwanja cha mita 20 kwa 30 hilo mara nyingi lina maana kwamba huwezi kuwa na vyote viwili.

Kusafisha na kusawazisha

Sasa panga na fyekeo viingie, na mashine ikihitajika ije ya mwisho. Miti itakayobaki ifungwe utepe wa rangi kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa mwendesha mashine hawezi kubahatisha ni mwarobaini upi unaoutaka. Miti iliyo ndani ya eneo la nyumba na karibu nalo ing'olewe pamoja na visiki na mizizi minene, maana mzizi uliobaki chini ya jamvi huoza na kuacha uwazi, na kabla ya kuoza huwa chakula cha mchwa.

Ondoa udongo wa juu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30, katika eneo la nyumba na mita 1 kuizunguka. Kwa mfano wetu hiyo ni mita 14 kwa 11, sawa na mita za mraba 154, na kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 23 zikiwa ardhini; zikichimbuliwa huvimba kwa takriban robo na kufikia kama 29. Panga mapema zitarundikwa wapi, mbali na mitaro itakayochimbwa. Udongo huu usitumike kama kifusi chini ya nyumba, lakini usiuzwe pia, kwa sababu bustani itauhitaji na kuununua tena ni ghali.

Vichuguu vichimbuliwe hadi kiini chake, malkia atolewe, shimo liwekwe dawa ya mchwa iliyosajiliwa na kujazwa upya. Kukikata kichuguu kwa juu na kukisawazisha hakusaidii chochote. Asikubali mtu kuuziwa kopo la zamani la aldrin au dieldrin kwa sifa kwamba ndiyo dawa kali. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa kemikali 12 za mwanzo zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu ya sumu yao isiyoisha ardhini. Dawa ya chini ya jamvi hupigwa baadaye, kifusi kikishashindiliwa na kabla ya nailoni kutandazwa, hivyo katika hatua hii panga tu atakayeifanya kazi hiyo.

Shimo la choo cha zamani litolewe uchafu wote mpaka ardhi ngumu ionekane, kisha lijazwe mawe na changarawe. Ukuta ukiwa utapita juu yake, mhandisi aamue kama nyumba isogezwe au kama mkanda wa zege wenye nondo uvuke shimo hilo. Mashimo ya visiki na yale ya majaribio hujazwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine kumwagwa. Unyevu wa kifusi hupimwa kwa kiganja: udongo ukiukamua ukashikamana, na ukiuangusha ukavunjika vipande vichache, unashindilika vizuri, ukitawanyika kama unga umwagiwe maji, na ukitoa maji kati ya vidole uachwe ukauke.

Kiwanja chenye mteremko kina mtego wake. Mara nyingi upande wa juu hukatwa na udongo wake husukumwa upande wa chini ili kupata uwanda, kisha nyumba hukaa nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya kifusi laini, na ufa hutokea palepale zinapokutana. Msingi wote ufike kwenye ardhi ya asili, hata kama upande mmoja utahitaji kozi nyingi zaidi za tofali au mawe. Upande wa juu wa kiwanja chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua, uyaongoze hadi mtaro wa barabara au mkondo wa asili. Kuyaelekeza kwa jirani wa chini ni kuanzisha kesi.

Mahitaji ya saiti

Pima njia kabla ya kuagiza tripu ya kwanza: lori la tani saba lililobeba mchanga linahitaji upana, sehemu ya kugeuzia, na ardhi isiyolizamisha, na nyaya za umeme zilizolegea zitazuia bodi kunyanyuka. Mchanga na kokoto vimwagwe juu ya ardhi ngumu iliyosafishwa, visiegemezwe kwenye ukuta wa jirani wala kuziba njia ya maji.

Maji ndiyo yanayokwamisha saiti nyingi za pwani. Kisima kifupi karibu na bahari huweza kuwa na chumvi, na maji ya chumvi huozesha nondo ndani ya zege polepole bila kuonekana, kama ufanyavyo mchanga wa ufukweni. Yaonje maji, yakiwa na ladha ya chumvi, yatumike kumwagilia kifusi tu, na ya zege yaletwe kwa boza na kuhifadhiwa kwenye tangi lenye mfuniko.

Stoo iwe na paa lisilovuja na sakafu iliyoinuliwa. Mifuko ya saruji ipangwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka chini na sentimita 30 kutoka ukutani, isizidi kumi kwenda juu, na iliyoletwa kwanza ndiyo itoke kwanza. Choo cha mafundi kijengwe kabla mafundi hawajafika, sanduku la huduma ya kwanza liwepo, uzio wa mabati uzuie wapita njia, na ubao unaoonyesha namba ya kibali na majina ya wahusika usimame mahali unaposomeka.

Kuseti nyumba

Kazi ya mwisho kabla ya mtaro ni kuhamisha mchoro kutoka karatasini hadi ardhini. Anza na mstari wa mbele, ukiupima kutoka kwenye bikoni zilizothibitishwa kwa umbali ulioandikwa kwenye kibali, na usipime kutoka kwenye ukuta wa jirani hata kama unaonekana umenyooka. Simamisha mbao za profaili, zile za kufungia kamba zinazoonyesha mistari ya kuta, mita 1 hadi 1.5 nje ya mistari ya mitaro, ili uchimbaji usizing'oe, na uzifikishe kimo kimoja kwa bomba la plastiki linaloonyesha maji. Hakikisha hakuna mapovu ndani ya bomba, kwa sababu povu moja linatosha kudanganya vipimo vyote.

Kona ya mraba hupatikana kwa mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili na mita 5 kuunganisha ncha zake. Kwa kuwa kosa dogo kwenye pembetatu ndogo hukua kadiri mstari unavyorefuka, hakiki kwa mishazari ya nyumba nzima: kwa mita 12 kwa 9, mishazari yote miwili lazima isome mita 15. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, kamba zirekebishwe, hata kama fundi anasisitiza kwamba plasta itaficha. Weka pia alama ya kudumu ya kimo, kipande cha nondo kilichofungwa kwa zege mahali pasipopitwa na magari, ambacho vimo vyote vya msingi na jamvi vitapimwa kutokea hapo.

Mistari ikishapigwa kwa chokaa, mwite mhandisi na, kama kibali kinataka hivyo, mkaguzi wa halmashauri. Asubuhi ya kuchimba, kabla jembe halijagusa ardhi, pima mishazari tena, kwa kuwa usiku mmoja unatosha kwa ng'ombe au watoto wa mtaa kusogeza kamba.